Zuura Aliyekataa Kutia Sahihi

Mimi kazi yangu majiko. Tangu shamba la pamoja livunjwe na kondoo wagawanywe, nazunguka na brashi ya bomba na ndoo ya udongo, kijiji hadi kijiji, nikizibua njia za moshi kabla theluji haijafunga barabara. Mtu akishaingiza kichwa ndani ya jiko, wenye nyumba humsahau. Hupigana, hupatana, hulia, na mimi nimo humo na masizi yangu. Ndiyo maana ninayo haya ya kusimulia kuhusu Zuura binti Temir, afisa ustawi wa watoto wa wilaya yetu. Na yale ambayo sikuyasikia kwa masikio yangu alinieleza mwenyewe tukiwa njiani, maana mara nyingi yeye na mimi tumepakiwa lori moja la maziwa.

Zuura ni mwanamke mfupi, mnene wa mabega, mwenye mwendo wa mtu anayevuta kondoo asiyetaka kwenda. Zamani alifundisha hesabu katika shule ya Sari-Bulak. Wazazi walipoanza kuondoka kwenda Moscow kwa vibarua, madarasa yakapungua, akaondolewa shule akapewa ofisi. "Nilikuwa nahesabu namba," aliniambia siku moja, "sasa nahesabu watoto, na hawa hawatulii mahali pamoja." Ana vijiji kumi na kimoja. Ofisi ina gari, lakini gari hutembea na mkuu wa ofisi, na mkuu hapendi matope. Kwa hiyo Zuura huenda na lori la maziwa, au kwa farasi wa kuazima, na mara moja nilimwona akishuka juu ya magunia ya viazi, jalada amelikumbatia kama mtoto mchanga. Mkoba wake haukosi kipande cha mkate mkavu. Si chakula chake. Ni cha mbwa. Anasema mbwa wa nyumba akishakula mkate wako, mwenye nyumba naye huona haya kukufukuza.

Ana namna yake ya kazi, na hakuitoa kwenye kitabu. Akiingia nyumba ya mtu hamuulizi mkubwa kitu. Hutazama magodoro ya sufu yaliyopangwa juu ya sanduku, kama yanavyopangwa kwetu kila asubuhi, kisha humuuliza mtoto: "Lako lipi?" Mtoto akikimbia akalishika la tatu kutoka chini, lenye kiraka chekundu, Zuura hunywa chai yake kwa raha. Mtoto akisimama akaangalia watu wazima, basi hapo jalada linafunguliwa, na hata uchinje kondoo halifungwi.

Sasa, vuli ile nilikuwa nyumbani kwa Bibi Batma wa Sari-Bulak, kichwa jikoni, nikimsikia akigombana na samovari yake ya kuchemshia chai. Bibi Batma ana miaka sabini na mmoja, jicho moja lina ukungu, ulimi hauna ukungu wowote. Aliishi na mjukuu wake Begimai, msichana wa miaka minane. Nimesema mjukuu kwa sababu nawaandikia nyinyi. Angenisikia, angenipiga na koleo. Begimai alikuwa mtoto wa kwanza wa mwanawe Ulan, na mtoto wa kwanza kwetu hupewa wazazi wa mume. Siku arobaini zilipotimia Ulan na mkewe Cholpon wakamleta amefungwa kwenye beshiki yake, kitanda cha kubembezea mtoto, wakamweka mapajani mwa mama mkwe, basi. Kuanzia siku ile Batma ndiye mama. Cholpon akija likizo mtoto humwita dada, na yeye Cholpon mbele ya mama mkwe hawezi hata kumbeba mtoto kwa mapenzi mengi. Ni aibu. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na aliyenizaa nilimwita dada hadi nikamzika.

Zuura akaingia, mbwa ametulia nje na mkate wake. Alikuwa na fomu mpya kutoka mkoani: kila mtoto asiyeishi na wazazi aandikwe. Begimai alikuwa ameshalikumbatia godoro lake kabla hata hajaulizwa, anamjua.

"Mama wa mtoto?" Zuura akauliza, kalamu mkononi.

"Unamwona."

"Mama Batma, fomu inataka aliyemzaa."

"Fomu inataka! Fomu ilimlaza hapa alipokuwa na surua? Fomu ilimtafunia nyama alipokuwa hana meno?"

"Hapana, mama."

"Basi andika Batma."

"Nikiandika Batma watanicheka. Mtoto ana miaka minane, wewe sabini na mmoja."

"Wacheke. Wivu unawasumbua."

Nilicheka mpaka nikameza masizi. Zuura naye alicheka, na labda kicheko ndicho kilichomponza. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu: anaishi na wazazi, yatima, wazazi hawapo. Ulan alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, alianguka kutoka ghorofa walilokuwa wakijenga Moscow. Cholpon alikuwa huko huko akiosha vyombo katika jiko la hoteli. Kisanduku cha mtoto aliyepewa bibi yake hakikuwepo, kwa sababu aliyetunga fomu, nadhani, hakuona haja ya kuandika jambo ambalo kila mtu analijua. Na Zuura, kwa sababu ile ile, hakuona hatari. Akatia alama kwenye "wazazi hawapo", akaandika pembeni kwa herufi ndogo: analelewa na bibi kwa mila, yuko salama. Akanywa chai bakuli tatu, akaondoka.

Mashine ya mkoani haisomi maandishi ya pembeni. Wiki mbili baadaye orodha ikarudi: Begimai binti Ulan, mtoto aliyetelekezwa, ahamishiwe makao ya watoto kabla ya mwisho wa mwezi.

Zuura aliniambia alipoliona lile jina alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi, na koti lake jipya. Kalamu ilikuwa yake. Alama ilikuwa yake. Kisha akainuka akaingia kwa mkuu wake.

Mkuu wake ni Sadirbek, kijana wa miaka arobaini, safi, viatu vinang'aa. Nataka niseme ukweli juu yake, si mtu mbaya. Alikulia katika makao yale yale. Hajui aliyemzaa. Alisoma humo, akala humo, akatoka humo na cheti, na leo makao yana vitanda ishirini vitupu na mkoa unatishia kuyafunga. Anayatetea kama mtu anavyotetea nyumba ya baba yake.

"Rekebisha orodha," Zuura akamwambia.

"Orodha hairekebishwi, dada. Imeshapita. Tia sahihi kwenye karatasi ya kumhamisha, tumalize."

"Huyo mtoto hakutelekezwa."

"Wewe mwenyewe uliandika."

"Nilikosea."

"Basi lete idhini ya mama yake mzazi, imepigwa muhuri ubalozini, inayomfanya huyo bibi awe mlezi. Ukiileta kabla ya kikao cha kamati ya kijiji, vizuri. Usipoileta, utatia sahihi."

"Nisipoileta, sitatia."

Akaacha kumwita dada. "Zuura binti Temir, bila sahihi ya afisa wa jalada mtoto hahamishwi, najua. Lakini afisa anaweza kubadilishwa."

"Mbadilishe. Mwambie huyo mpya mbwa wa Sari-Bulak wanapenda mkate mkavu."

Zuura akampigia simu Cholpon. Cholpon akalia, akaapa ataomba ruhusa kazini, akaenda ubalozini, akapanga foleni siku nzima. Baada ya siku tisa karatasi ikafika kwa mkono wa dereva wa basi. Zuura akaifungua pale pale kituoni, na mimi nilikuwa kituoni, nikaona uso wake unavyobadilika.

"Ameandika nini huyu mwanamke?" akasema. "Fundi Joldosh, hebu soma, labda macho yangu."

Nikasoma. "Mimi, Cholpon binti Asek, dada wa mtoto Begimai, nakubali aendelee kuishi na mama yetu Batma." Haikuwa na muhuri. Ubalozini walikuwa wameirudisha: dada hana mamlaka ya kutoa idhini.

Tukatazamana. Nani kwetu hawezi kuelewa? Mkamwana hawezi kuandika kwa mkono wake kwamba mtoto aliyempa mama mkwe ni wake. Hata mbele ya serikali. Hata Moscow, ambako Batma hamwoni. Zuura akampigia tena, palepale, upepo unavuma.

"Cholpon, mdogo wangu, andika mama."

"Siwezi, dada Zuura. Atasikia."

"Asikie! Watamchukua mtoto!"

"Ulan amekufa. Nikiandika mama, atadhani nataka kumchukua. Atadhani nimepata mwanamume mwingine, nakuja kubeba mtoto. Moyo wake utapasuka. Siwezi kumfanyia hivyo."

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa Moscow. Lilikuwa Sari-Bulak, limekaa karibu na samovari. Zuura alikwenda kwa Batma siku ile ile kumwomba amruhusu mkamwana wake. Batma alimsikiliza hadi mwisho, akamimina chai, akasema, "Nikimwambia yeye ndiye mama, mimi nabaki nani?" Zuura akainuka. Akaondoka bila kumaliza bakuli, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kamati ilikaa Alhamisi, asubuhi, katika ukumbi wa kijiji. Mimi nilikuwa nimeitwa kwa sababu jiko la ukumbi lilikuwa linarudisha moshi ndani. Nilikuta kiota cha ndege kwenye bomba, kwa hiyo moto haukuwashwa, na watu saba wa kamati wakakaa na makoti na kofia, pumzi zao zinaonekana. Kiti cha mbele alikaa Kubat, mwenyekiti wa kijiji. Kulikuwa na muuguzi, mwalimu mkuu, imamu, polisi, karani, na Sadirbek na viatu vyake. Bibi Batma aliletwa na Begimai. Alikuwa amevaa koti la velveti la harusi ya mwanawe na medali yake ya kukama maziwa ya enzi za shamba la pamoja. Begimai alikuwa ameshika pindo la koti hilo, hakuliachia hata wakati wa kukaa.

Sadirbek akasoma orodha, akaweka karatasi mezani. "Idhini haikuja. Afisa, tia sahihi."

Zuura akasimama. Akatoa kalamu mkobani. Nikasema moyoni, kwisha. Akaiweka juu ya meza mbele ya mwenyekiti, akaisukuma mbali.

"Sitii."

"Kwa sababu gani?" Kubat akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka chakula cha mchana.

"Kabla sijasema, mwenyekiti, naomba nihesabu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, mnanijua. Nani hapa alilelewa na bibi au babu yake, akiwa ni mtoto wa kwanza aliyepewa? Anyooshe mkono."

"Hicho si kipengele cha ajenda," Sadirbek akasema.

Muuguzi akanyoosha. Imamu akanyoosha, anatabasamu. Mwalimu mkuu akanyoosha. Karani akaandika kwanza, halafu akanyoosha. Kubat akakuna shingo, mkono ukabaki huko huko juu.

"Na wewe, afande?" Zuura akauliza.

"Mimi hadi darasa la tatu tu," polisi akasema. "Bibi alikuwa akinichapa kwa kijiti cha kupigia sufu."

"Hatuulizi kama alikuchapa."

"Basi ndiyo."

"Sita," Zuura akasema. "Sita mlitelekezwa, kwa mujibu wa fomu hii. Makao yana vitanda ishirini. Fungasheni, gari la ofisi liko nje, leo limefika kijijini kwa mara ya kwanza."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, imamu akajifuta machozi. Sadirbek hakucheka. Alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni, akasimama.

"Mnacheka," akasema. "Mimi sikuwa na bibi. Mimi nilikulia huko mnakokuchekea. Walinilisha, walinivisha, walinisomesha. Nimekufa? Mnazungumza kana kwamba ni gereza."

Kicheko kikaisha. Zuura akamgeukia, na sauti yake ikashuka, lakini haikulainika.

"Hukufa, Sadirbek. Umekuwa mtu, na ninakuheshimu. Nikuulize ninachowauliza watoto wote. Godoro lako lilikuwa lipi?"

Akatazama viatu vyake. Tukasikia punda wa mtu analia huko nje.

"Kumi na saba," akasema. "Kitanda namba kumi na saba." Kisha, pole pole zaidi: "Walikuwa wakibadilisha namba kila Septemba."

Zuura akaelekea kwa Begimai. "Na lako, binti?"

"Lenye kiraka chekundu," mtoto akasema. "La tatu. Mama alikishona kwa kitambaa cha gauni lake."

"Sitii sahihi," Zuura akasema tena. "Si leo, si mwisho wa mwezi. Mkinibadilisha nitakaa mlangoni kwa mama Batma na mkate wangu kama mbwa. Lakini mwenyekiti, sheria inahitaji neno la aliyemzaa, na hilo mimi siwezi kulitoa. Yuko mtu mmoja tu hapa anayeweza kumruhusu alitoe."

Akatoa simu. Akabonyeza, akawasha spika, akaiweka mezani mbele ya Bibi Batma. Simu ikalia, ikalia, kisha ikasikika kelele ya sahani na maji, na mwanamume anapiga kelele kwa Kirusi.

"Haloo? Dada Zuura? Nipo kazini."

Batma aliitazama ile simu kama mtu anavyotazama nyoka. Mkono wake ukamtafuta mtoto, ukampata kichwani. Kubat akafungua mdomo, muuguzi akamkanyaga mguu, niliona.

"Cholpon," bibi akasema.

Huko sahani zikaacha kugongana. Hata maji yalifungwa. "Mama?"

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Unadanganya, sauti ni ya njaa. Nisikilize. Nenda tena kule kwenye foleni. Andika wewe ndiye mama."

"Mama, mimi sitaki kumchukua, naapa kwa kaburi la Ulan, sijapata mtu..."

"Usinikatize. Ukipata mtu, pata. Una miaka thelathini, hutaoshea watu vyombo peke yako mpaka kufa. Andika. Ni wewe uliyemzaa, nilikuwa mlangoni nakusikia unavyolia. Ulinipa mimi. Mtu hawezi kutoa kisichokuwa chake, basi andika ni wako, na andika umenipa. Yote mawili. Sikio la kila mtu hapa linasikia kwamba mimi nimesema."

Cholpon alikuwa analia. Yule mwanamume wa Kirusi akapiga kelele tena, na Cholpon akamjibu kitu kikali, sijui nini, lakini yule mwanamume hakupiga kelele tena.

"Na njoo majira ya joto," Batma akamalizia. "Utambeba mtoto. Mimi nitatazama upande mwingine." Kisha akamwambia Zuura, "Ifunge, inakula umeme."

Kubat akasema kamati inasubiri karatasi hadi kikao kijacho, wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ilikuwa saba. Ndiyo, saba. Wa Sadirbek ulikuwa wa mwisho na haukupanda juu sana, lakini ulipanda.

Wakati wa kutoka nilikuwa nasafisha miguu ya jiko, Begimai akapita na bibi yake. Nikamsikia akiuliza, "Sasa nikuite nani?"

"Unaniitaje siku zote?"

"Mama."

"Basi. Haya mengine ni ya karatasi. Funga kofia."

Karatasi ya Cholpon ilifika na muhuri baada ya siku kumi na moja, na Batma akaandikwa mlezi. Cholpon mwenyewe alikuja Julai. Nilimwona amembeba msichana mkubwa wa miaka tisa mgongoni kuzunguka ua mzima, na Batma amekaa barazani amegeukia ukuta, anachambua sufu, anacheka peke yake.

Zuura alipata barua ya onyo kutoka mkoani, kwa kukaidi maagizo na kudhihaki kikao. Nilidhani ataichana. Aliitoboa matundu kwa mashine yake ya kutobolea karatasi, akaiweka ndani ya jalada la Begimai, ukurasa wa juu kabisa. "Akitimiza miaka kumi na minane ana haki ya kusoma jalada lake," akaniambia. "Nataka aanze na hii."

Gari la ofisi siku hizi hufika vijijini. Huendeshwa na Sadirbek mwenyewe, na huko nyuma kuna mkate, nimeuona. Lakini fomu ni ile ile, yenye visanduku vitatu. Kwa hiyo Zuura amebeba rula mkobani. Kila fomu anayoijaza huchora kwa rula kisanduku cha nne, kimenyooka, cha mwalimu, anaandika ndani yake "amepewa bibi", anatia alama. Mkoani huirudisha: fomu imeharibiwa, jaza upya. Huchukua fomu mpya, anatafuta rula yake, anachora.